Mashtani Tuliyoiunda kwa Deli la Samaki

Wadogo zangu wa jumba la upishi, tangu nistaafu mmekuwa mkinipigia simu kuuliza hili na lile, na kila mara nimejikuta nasimulia habari za Mzee Ambakisye na deli lake. Happy ndiye aliyeniambia, "Mama Editha, andika basi, maana kila mmoja wetu hapa anayo nusu yake, na nusu hizo hazilingani." Nimeandika. Habari za nani alipandishwa cheo na lini zitafuteni kwenye mafaili, kama panya wameyaacha. Mimi nitaeleza tulivyojifunza kazi.

Nilifika kiwanda cha bia cha Mbeya nikiwa binti wa Kihesa niliyetoka chuo cha ufundi, na cheti cha maabara na koti ambalo Iringa lilinitosha. Ilikuwa Juni. Aliyewahi kuamka Mbeya mwezi wa Juni hahitaji maelezo, na ambaye hajawahi hatanisadiki. Mlinzi getini aliniuliza nimemletea nani chakula. Nilipomwambia nimekuja kuanza kazi upande wa upishi, aliniomba radhi kwa adabu nyingi, kisha akanielekeza jikoni kwenye kantini.

Jumba la upishi nililipata kwa kufuata harufu. Mnaijua: kama uji wa ulezi unaochemka jirani na tanuri la mkate. Ndani alikuwepo mtu mrefu mwenye sauti ndogo, Mnyakyusa wa Rungwe, mkuu wa shifti. Huyo ndiye Mzee Ambakisye. Alikuwa amesomea upishi wa bia nje ya nchi katika ujana wake, akarudi na kipimajoto cha kioo na tabia ya kutafuna kila kinachoingia kiwandani kabla hakijapikwa.

"Ugonile," alinisalimu kwa lugha yake.

Kinyakyusa sikukijua, nikamjibu kwa salamu yetu ya Kihehe. "Kamwene."

"Vizuri. Kila mtu na lake. Nyoosha mkono." Akanimiminia kiganjani punje za kimea cha shayiri. "Tafuna taratibu. Unasikia nini?"

"Utamu, Mzee."

"Na kabla ya utamu?"

Nikatafuna nyingine. "Kuna ugumu. Kwenye ncha moja ya punje."

"Huo ugumu wa kwenye ncha ndio kazi yako kwa miaka yote utakayokaa hapa."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Shayiri inapooteshwa ikawa kimea, ule ugumu unatakiwa kulainika punje nzima. Usipolainika, tabu yote inakuja kujitokeza kwenye mashtani.

Sasa mashtani, kwa watakaosoma haya bila kuijua, ni chombo ambacho kimea kilichopasuliwa hukutana na maji ya moto, vikakaa pamoja vimefunikwa mpaka wanga wa kimea ugeuke sukari. Chini yake kuna sahani yenye matundu. Ukifungua koki, maji matamu yanashuka na kupita, na machicha yanabaki juu. Hayo maji matamu ndiyo yanayochemshwa, yakatiwa hamira na kuwa bia. Neno tulilirithi kwa Wazungu waliofunga mitambo, tukalilainisha mdomoni mwetu. Kasoro yake ni kwamba mgeni akilisikia anadhani kiwanda kimefuga mashetani.

Mashtani ya kiwanda ilikuwa na tumbo la chuma kubwa kuliko chumba nilichopanga, na kidirisha cha duara chenye ukungu muda wote. Mwanagenzi alichokiona ni mishale ya saa za joto ikipanda na kushuka. Jambo hilo lilimkera Mzee Ambakisye.

"Mnajifunza kusoma saa," alituambia. "Mimi nataka mjue uji."

Basi akaamua kuunda mashtani ndogo nyumbani kwake Uyole, ambayo mtu angeweza kuinamia na kuchungulia. Alinunua deli kuukuu la bluu sokoni Mwanjelwa, yale madeli ya plastiki yenye kuta nene ambayo wachuuzi hubebea samaki wa Kyela pamoja na barafu. Mantiki yake ilikuwa rahisi. Kinachozuia joto lisiingie kwenye barafu kitazuia pia joto lisitoke kwenye uji. Kuhusu samaki, tulilisugua kwa magadi, tukalisugua kwa ndimu, tukalianika juani, tukarudia. Hata hivyo uji wetu wa kwanza ulinukia Ziwa Nyasa waziwazi.

Mwanzoni tulikuwa wanagenzi kadhaa tuliokwenda Uyole Jumamosi. Baridi ya asubuhi ikatupunguza mmoja mmoja, nikabaki mimi.

Sahani ya matundu alitutengenezea Fundi Shomari, mfua masufuria wa Mwanjelwa. Babu yake alikuja Mbeya akitokea Kilwa, na yeye mwenyewe hakukosa swala hata moja msikitini. Mzee Ambakisye hakutaka kumficha. Alimweleza sahani ni ya nini, akamwambia kama dini yake haimruhusu atamwelewa.

Fundi Shomari aligeuza bamba la chuma cha pua mikononi, akalipima kwa macho. "Mzee Ambakisye, mimi natengeneza sahani yenye matundu. Utakachoweka juu yake ni baina yako na Mola wako."

"Sawa kabisa."

"Lakini matundu yawe madogo kiasi gani? Nikikutobolea makubwa utakuja kunilaumu."

Akatoboa matundu madogo kuliko punje ya mtama, yaliyopangika kama mbegu za alizeti, na akaiwekea sahani miguu ya kimo cha kidole ili chini yake pabaki nafasi ya maji. Katika maisha yangu ya kazi nimeona sahani za viwandani zilizoletwa kwa meli. Ile ya Fundi Shomari nisingeionea haya mbele ya yoyote kati ya hizo.

Tundu la koki tulitoboa ubavuni, chini kabisa, tukapitisha bomba fupi la shaba, tukaweka mpira wa kuzuia kuvuja ndani na nje, tukakaza. Nilikuwa na haraka ya kuona kimea kikiingia. Mzee akakataa hata punje moja isiguse humo mpaka tujaze maji matupu ya moto, tufunike, tuzungushie blanketi, tukae tunywe chai, kisha tupime joto limeshuka kiasi gani. Likashuka zaidi ya alivyopenda. Tukagundua kifuniko kilikuwa na uwazi mtupu ndani. Tukakijaza vipande vya sponji ya godoro, tukapima tena. Hapo akaridhika. Nawaomba mlishike hilo: chombo kipya kipimeni kwa maji kwanza, kwa sababu maji yakiharibika hakuna anayelia.

Upishi wa kwanza ulikuwa aibu. Tulipeleka kimea kwenye mashine ya kusaga mahindi, kikarudi unga laini mweupe. Tulipomimina maji ya moto, tulipata ugali. Koki ilifunguliwa na haikutoka hata tone. Mke wa Mzee, Mama Lugano, ambaye kwa harusi za Uyole alikuwa akipika pombe ya komoni mapipa kwa mapipa, alikuja akasimama, akatazama ndani ya deli.

"Mboga yake iko wapi?" aliuliza.

Nguruwe wa jirani walifurahi siku ile. Jumamosi iliyofuata tulitumia mashine ya mkono ya kusagia karanga, tukailegeza mpaka ikawa inapasua punje bila kuisaga, ganda linabaki zima. Ganda ndilo linalokuwa chujio. Tukapasha deli kwanza kwa maji ya moto, tukayamwaga. Tukaweka maji yenye joto zaidi kidogo ya lile tunalolitaka, kwa kuwa kimea kikiingia kitalishusha. Tukanyunyiza kimea huku tukikoroga kwa mwiko mrefu, ili madonge yasifanyike. Kipimajoto kikatulia kwenye nyuzi sitini na sita. Tukafunika.

Baada ya kama saa moja Mzee alichota matone machache, akayaweka kwenye kisosi cheupe na kudondoshea iodini. Iodini ikikutana na wanga huwa nyeusi. Hii ilibaki na rangi yake ya chai ya rangi.

"Wanga umekwisha," alisema. "Sasa fungua koki. Kidogo. Kama unamfungulia mgeni usiyemjua."

Jagi la kwanza lilitoka la tope. Tukalirudisha juu taratibu, na la pili, na la tatu. Kisha maji yakaanza kutoka maangavu, rangi ya asali ya msituni, na Mzee Ambakisye ambaye alikuwa ameona mito ya maji hayo maishani mwake alichuchumaa akayatazama kana kwamba hajawahi kuyaona. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Siku ile ndiyo niliyojua kwamba kazi hii nitaifanya mpaka nizeeke.

Bia yenyewe tuliichachusha stoo. Baridi ya Mbeya, ambayo kwa binadamu ni adhabu, kwa bia ni zawadi. Tulikunywa wenyewe na majirani. Haikuwa ya kuuzwa na wala haikuuzwa.

Sasa nifike kwenye kesi mnayoniuliza kila siku, ile ya shayiri ya Kilolo.

Wakulima wa milima ya Kilolo walikuwa wamepanda shayiri kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kiwanda chetu. Ilioteshwa, ikakaushwa, ikaja kwetu kama kimea. Tulipoiweka kwenye mashtani kubwa, uji ukaziba. Maji hayakupita. Mvutano ukawa kama wa gundi, na shifti nzima ikaingia kuutoa kwa makoleo huku jasho likitutoka katikati ya baridi. Bwana Justine, meneja wetu wa upishi, alijaribu mara ya pili kwa uangalifu zaidi, ikawa vilevile. Akaamua kimea kilichobaki kiuzwe kwa wafugaji, na mbegu za msimu ujao zisipelekwe tena Kilolo. Sikumlaumu. Angekuwa meneja wa ajabu kama angeamua vingine.

Siku chache baadaye mlinzi aliniita getini. Kulikuwa na mama wa makamo amekaa juu ya kiroba, amevaa kitenge kisafi na sweta la kiume. Aliitwa Bi. Selina, mjane, mzee wa usharika wa Kilutheri kijijini kwake na mwenyekiti wa kikundi cha wale wakulima.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Kihesa."

"Basi ni wa nyumbani. Niambie ukweli. Shayiri yetu ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa, mama. Inaganda. Tukiipika inakuwa kama gundi, maji hayapiti."

Alikitazama kiroba chake. "Tuliacha sehemu ya mahindi tukapanda hii. Ni mimi niliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wapande. Sasa nirudi nikawaambie nini? Inaganda?"

Nikamwita Mzee Ambakisye. Alikuja na punje za kile kimea cha Kilolo kiganjani, akamsalimu, akatafuna. Akanipa na mimi. Ule ugumu wa kwenye ncha ulikuwepo, na ulikuwa umepanda hadi karibu na katikati ya punje.

"Haikulainika vizuri ilipooteshwa," alisema. "Hilo si kosa la shamba. Mama, tupe nafasi tuijaribu kwenye mashtani ya nyumbani kwangu."

Bi. Selina alirudi nyuma hatua moja. "Mashetani gani, baba?"

Ilituchukua muda kumweleza.

Mzee alikwenda kwa Bwana Justine kuomba magunia machache na muda. Nilikuwepo. Bwana Justine alimsikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Lori la wafugaji linakuja mwisho wa mwezi. Mkinionesha kabla ya hapo kwamba inachuja, nitaipika. Msiponionesha, siwezi kupika huruma."

"Ni haki," alisema Mzee.

Hapo ndipo deli la samaki lilipoanza kufanya kazi ya kweli. Mashtani kubwa ukiikosea umepoteza mzigo wa lori zima. Deli ukilikosea umepoteza ndoo, nguruwe wanashiba, kesho unaanza upya. Mzee aliweka sharti moja: tubadilishe jambo moja tu kila mara, maana ukibadilisha mawili na likafanikiwa, hutajua umshukuru nani.

Tulianza kwa kupasua punje kubwa zaidi. Koki ikatoa uzi mwembamba, ukakatika. Kisha Mzee akakumbuka utaratibu wa zamani aliosomeshwa ujanani, uliokuwa umeachwa kwa kuwa vimea vya siku hizi vimelainika vya kutosha: kukilaza kimea kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kiasi cha kumwogeshea mtoto, ili ule ugundi uvunjike, ndipo uongeze maji ya moto na kupandisha joto. Tukafanya. Nilikuwa mimi ninayekoroga, na nikaona kitu. Mwanzoni uji ulikuwa unavutika kutoka kwenye mwiko kama bamia. Baadaye ukaanza kudondoka. Siku ile koki ilitoa nusu ya ndoo kabla ya kuziba.

Nusu haikutosha. Jumapili moja nilikuwa natoka Iringa kwenye msiba, na tulipopita Igurusi niliona nje ya mashine za kukoboa mpunga vilima vya pumba, yale maganda makavu, vikifuka moshi kwa kuwa hakuna anayejua avifanyie nini. Nikawaza: kama ganda ndilo chujio, na ganda la kimea chetu limelemewa, kwa nini tusiliongezee msaidizi? Wiki iliyofuata nilirudi Igurusi nikachukua gunia zima. Nilipolifikisha Uyole, Mama Lugano alinitazama, akatazama gunia.

"Leo wanapika uchafu wa mashine," alimwambia mumewe. "Niliolewa na msomi mimi."

Mzee hakucheka. Aliziosha pumba, akazichemsha, akazionja kuona kama zina ladha. Hazikuwa na ladha yoyote. Tukachanganya kidogo na kimea, tukalaza kwenye uvuguvugu, tukapandisha joto. Nikafungua koki. Maji yakashuka, yakaendelea kushuka, mpaka ndoo ikajaa na machicha yakabaki makavu juu ya sahani.

Mzee Ambakisye alinyoosha mkono akanipa. Ni mara moja tu aliyowahi kunipa mkono kwa sababu ya kazi.

Tulikubaliana turudie mara nyingine kabla ya kumwita meneja. Siku hiyo ndipo lilipotokea lililotokea. Plastiki ya deli, iliyopashwa na kupoa mara nyingi, ilikuwa imelegea pale koki ilipopita. Mzee alichuchumaa mbele yake akiwa amevaa ndala, na alipoigusa koki ikatoka nzima mkononi mwake. Maji ya moto yakammwagikia mguu wa kulia.

Hakupiga kelele. Alikaa chini akasema, "Editha, funga koki."

"Hakuna koki, Mzee. Unayo mkononi."

Akaitazama. Mama Lugano alikuwa amekwisha kufika na ndoo ya maji baridi. Alimmwagia mguuni, akamwagia tena, akanituma bombani tena na tena, hakuruhusu mtu apake chochote, si dawa ya meno, si asali. Daktari alisema baadaye kwamba maji yale ndiyo yaliyouokoa mguu. Ninachotaka mjue ni kwamba mnapolalamika kuwa mabuti ni mazito, mimi huwa nauona ule mguu.

Nilimfuata wodini kesho yake. Mguu ulikuwa umefungwa mpaka juu ya kifundo. Nilimwambia nitamwomba Bwana Justine asogeze siku.

"Hapana. Lori lina ratiba yake. Utamwonesha wewe."

"Mzee, mimi sijawahi kuongoza upishi hata wa ndoo."

"Ulipokuwa unalaza kimea kwenye uvuguvugu, ulijuaje kwamba muda umetosha?"

"Uji unaacha kuvutika. Unadondoka."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Niliuona."

"Na mimi sikuuona. Nilikuwa natazama saa." Akafumba macho, kwa maumivu nadhani. "Nenda, mwanangu. Wananiletea chakula, sitakufa."

Nilibeba deli mpaka kwa Fundi Shomari. Alipoisikia habari aliacha sufuria aliyokuwa akiifua. Alikata tundu upya, akaweka vibamba viwili vya chuma, kimoja ndani na kimoja nje, vikabana plastiki katikati, akaweka mipira ya pampu na nati ya shaba. Kisha akachemsha maji kwenye jiko lake mwenyewe, akajaza deli, akasimama pembeni ya koki, akaigonga kwa nyundo ndogo. Akagonga tena. Haikutikisika.

"Mwambie Mzee namwombea," alisema. "Na mwambie hii hata tembo akiikalia haitoki."

Tulipika uani nyuma ya maabara. Bwana Justine alikuja akavuta stuli. Bi. Selina, aliyekuwa amepigiwa simu, alisimama pembeni na mikono ndani ya mifuko ya sweta. Nilimimina kimea, nikashika mwiko nilioujua, nikakoroga. Uji ukavutika. Ukavutika. Bwana Justine akatazama saa yake, mimi nikatazama mwiko. Ukaanza kudondoka. Nikaongeza maji ya moto, nikafunika, nikasubiri, nikapima kwa iodini, nikafungua koki.

Tope, nikalirudisha. Tope tena, nikalirudisha. Kisha yale maji ya rangi ya asali, uzi mmoja usiokatika.

Bwana Justine aliinuka kwenye stuli akachuchumaa. Alikinga glasi, akaiinua juani, akaishusha. "Rudia," alisema.

Nikarudia alasiri, yeye akiwa hapohapo. Ilipotoka mara ya pili akafunga kalamu yake. "Kesho tunaweka kwenye kubwa. Utakaa na mimi."

Nilimpa Bi. Selina kikombe cha yale maji matamu yakiwa bado na joto. Alisita, akaniuliza kama yana kileo. Nikamwambia bado hayajatiwa hamira. Akanywa kidogo, akanywa yote.

"Hii ni togwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Kwa sasa ni togwa."

"Basi mngekuwa mnaishia hapa."

Kwenye mashtani kubwa uji ulikwenda polepole, polepole mno, wapishi wa zamu ya pili wakatukuta bado tunachuja. Lakini ulipita. Kimea chote cha Kilolo kilipikwa, na lori la wafugaji likaondoka na machicha. Wakulima walipelekewa mbegu msimu uliofuata, na waoteshaji wakaambiwa waiache shayiri ile ilainike kwa muda mrefu zaidi. Sitawadanganya kwamba Kilolo yote imekuwa ya shayiri. Baadaye wengi walihamia kwenye parachichi na miti ya mbao. Bi. Selina aliendelea kupanda mpaka miguu ikamkatalia shamba, na kila akipita Mbeya aliingia kunisalimu na kuuliza kama mashetani wetu hawajambo.

Mzee Ambakisye alirudi kazini akichechemea. Bwana Justine aliagiza kila mwanagenzi apite kwenye mashtani ndogo kabla ya kuruhusiwa kugusa kubwa. Hiyo mliyojifunzia ninyi ni ya nne au ya tano. Deli la kwanza lilipasuka ubavu. Sahani ya Fundi Shomari imehamishwa kutoka deli hadi deli, na ndiyo iliyomo mpaka leo. Mnapoiosha, iosheni kwa heshima.

Mimi sasa nipo Kihesa. Nimejiundia yangu kwa deli jipya ambalo halijawahi kuona samaki, na napika kidogo kwa ajili ya nyumbani na wageni. Maji ya hapa yana tabia zake, bado tunazoeana.

Mwaka huu nilikwenda Rungwe kumwona Mzee Ambakisye. Ni mzee sana, macho yamefifia, anakaa kwenye kiti cha uvivu barazani na blanketi magotini, migomba imemzunguka. Nilifika asubuhi. Mama Lugano alinipokea, tukanywa chai, tukala ndizi, tukazungumza habari za watu wote tunaowajua, naye Mzee akasikiliza, akiitikia hapa na pale. Nilikuwa nimembebea chupa moja ya bia niliyoipika mwenyewe kuanzia kimea. Mama Lugano alisema daktari amemruhusu kuonja tu.

Alishika glasi kwa mikono miwili. Alinusa kwa muda mrefu, akanywa kidogo, akakaa nayo mdomoni. Nilijikuta nimekaa wima kama siku ile mbele ya meneja. Alimeza, akanywa tena zaidi ya alichoruhusiwa, akaishusha glasi juu ya goti.

"Mama Lugano," aliita.

"Naam."

"Mwanetu amefika."

"Si amefika tangu asubuhi, baba. Tumekunywa naye chai."

"Najua," alisema Mzee Ambakisye. "Nasema amefika."